Upanga Uko, Ala Iko Wapi?

Upanga ulifika ndani ya boksi refu la kadibodi, umeviringishwa karatasi iliyolowa mafuta na ncha imevishwa kipande cha mpira. Ni nakala ya upanga wa karne ya 13, wa aina ambayo Ewart Oakeshott, Mwingereza aliyezipanga panga za Zama za Kati katika makundi, aliipa namba XII: ubapa mpana unaopungua taratibu kuelekea nchani, mfuo uliochimbwa katikati hadi kupita nusu, mpini wa mkono mmoja. Ubapa una sentimita 81 na upanga mzima unazidi kidogo kilo 1.2. Nilikuwa nimedunduliza karibu mwaka mzima. Nikaufuta mafuta, nikaugeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, nikaupunga hewani mara mbili tatu kama mtoto, halafu ndipo nikajiuliza: sasa huu nauweka wapi?

Ala haikuwemo. Nilijua haitakuwemo, maana maelezo ya muuzaji yalisema wazi, ila akilini mwangu niliipa uzito ule ule wa boksi. Upanga ndio kitu. Ala ni cha kuufunikia. Nikamwandikia fundi mmoja ambaye wenye panga walikuwa wakimsifu, nikamuuliza bei. Akajibu siku ile ile. Ala ya mbao iliyovishwa ngozi, pamoja na mkanda wake, ingenigharimu kama asilimia 60 ya bei ya upanga wenyewe. Foleni ni miezi saba. Halafu akaongeza sharti ambalo lilinikera kuliko bei: nimtumie upanga, si vipimo vyake.

Nilicheka peke yangu. Mfuko wa upanga, kwa bei hiyo! Sikumjibu.

Nikanunua ala ya dukani, iliyotajwa kuwa "inafaa panga nyingi". Nikikumbuka maneno hayo leo nacheka tena, kwa sababu nyingine. Ilikuwa ngozi tupu, nene, iliyokunjwa ikashonwa ubavuni, haina mbao ndani, na mdomoni imefungwa ukanda wa bati. Upanga uliingia bila shida, hilo sikatai. Shida ni kwamba ungeingia hata ungekuwa na upana mara moja na nusu. Nikitembea hatua mbili unagonga huku na huku kama kijiko ndani ya chupa. Kila nilipouchomoa, ukingo wa bati ulikwaruza ubapa, na baada ya wiki chache kulikuwa na mistari miwili ya kijivu kuanzia karibu na kikingio cha mkono hadi nchani. Makali nayo, ingawa si makali ya kunyolea, yalikuwa yanazikata nyuzi za mshono kutoka ndani, mmoja baada ya mwingine. Siku ncha ilipochungulia nje kando ya mshono, nikauacha humo humo nikaupandisha juu ya kabati.

Miezi mitatu baadaye niliuchomoa kumwonyesha rafiki. Ulikuja na sauti ya kukwangua. Ubapa mzima ulikuwa na madoa ya rangi ya chungwa, madogo madogo kama mabaka ya ndizi iliyoiva, na pale mshono ulipokuwa umegusana na chuma kulikuwa na mstari wa kutu ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Rafiki yangu, Mungu ambariki, aliuliza kama ndivyo panga za kale zilivyokuwa.

Ngozi inavuta unyevu wa hewani na kuukumbatia. Ile iliyosindikwa kwa magome ya miti ina asidi ya magome ndani yake, na ile iliyosindikwa kwa kromu ina chumvi zake; zote mbili zikilazwa juu ya chuma chenye kaboni kwa miezi, kutu haikosi. Mtu yeyote aliyewahi kusahau kisu ndani ya ala ya ngozi anajua. Mimi nilijulishwa na upanga wa mwaka mzima wa akiba, na nikaumaliza mwezi nikisugua kwa msasa laini na mafuta.

Hapo ndipo nilipoamua kutengeneza mwenyewe. Nilikuwa na patasi mbili, randa moja, na majivuno ya kutosha.

Nilichokuwa nimekisoma ni kwamba ala za Zama za Kati, kwa sehemu kubwa, hazikuwa mifuko ya ngozi. Zilikuwa mbao: vibao viwili vyembamba, kila kimoja kimechimbwa kufuata nusu ya ubapa, vikagandishwa pamoja, kisha vikavishwa ngozi au kitambaa. Mbao ndiyo inayoushika upanga. Ngozi inaishika mbao isipasuke, na inapendeza. Baadhi ya ala za zamani zaidi zilikuwa na manyoya ya kondoo ndani, na mafuta ya asili ya sufu yaliusaidia ubapa usishike kutu. Nikasema, kumbe rahisi. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua mwaloni. Ni mti wenye heshima na jina lake lina harufu ya makasri, lakini una asidi ile ile ya magome ambayo ndiyo nilikuwa naikimbia. Fundi yeyote angeniambia nitumie mpopla au mti mwingine mlaini usio na asidi nyingi, unaochimbika vizuri na mwepesi kiunoni.

Kosa la pili lilikuwa unene. Nilichimba mfereji kwenye kila kibao nikaacha kuta za milimita sita, kwa kuogopa. Ala za mafundi zina kuta za milimita mbili, tatu. Ukijumlisha pande zote, yangu ilikuwa nene kama kasha la kinanda. Niliiweka ubavuni pa upanga nikaona aibu: upanga mwembamba wenye maringo, na hicho kigogo pembeni yake.

Ila kilichoniumiza hasa ni usiku wa kuvisha ngozi. Nataka niueleze polepole kwa sababu nimeona watu wengine wakielekea kule kule.

Ngozi huvishwa ikiwa mbichi, yaani imeloweshwa maji, ili ivutike na kujibana kwenye mbao ikikauka. Mshono unapita katikati ya mgongo wa ala, upande unaolalia mguu. Kingo mbili za ngozi hazipandani. Zinakutana uso kwa uso, na sindano haitobi ngozi hadi juu, inaingia kwenye nyama ya ngozi na kutokea kwenye ukingo wake, ili uzi ubaki umejificha. Unashona kwa sindano mbili, kila moja ikitokea upande wake, kwa uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki. Mimi nilinunua ngozi ya milimita tatu, ya mikanda. Inayotakiwa haizidi sana milimita moja. Ngozi ya milimita tatu ikilowa ina nguvu za fahali. Nilivuta, nikavuta, uzi ukanikata vidole viwili, kingo zikakataa kukutana katika theluthi ya chini. Nikailowesha tena. Nikapaka gundi ya maji kwa wingi. Kisha, ili umbo lisipotee wakati wa kukauka, nikaufanya upanga wenyewe kuwa kalibu: nikauingiza ndani, nikaizungushia ala kamba kuanzia juu hadi chini, nikalala nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Asubuhi upanga haukutoka.

Maji yalikuwa yamepita kwenye kiungio cha vibao, mbao ikavimba kwa ndani wakati ngozi inabana kwa nje, na gundi nayo ilikuwa imechuruzika hadi kwenye mfuo wa ubapa. Nilishika mpini, mguu juu ya ala, nikavuta hadi mgongo ukalia. Hakuna. Mwishowe nilichukua patasi nikaipasua ala yangu kwa urefu, kazi ya wiki tatu, kama mtu anayepasua kuni. Ndani ubapa ulikuwa umelala kwenye unyevu usiku kucha juu ya mwaloni, na pale gundi ilipogusa kulikuwa na doa jeusi ambalo bado lipo. Ukiushika upanga wangu ukautega kwenye mwanga utaliona, kiganja kimoja chini ya kikingio.

Nilimwandikia tena yule fundi. Nilimweleza kila kitu, hata mwaloni. Jibu lake lilikuwa fupi.

"Pole, ndugu. Wa kwanza alikuwa mimi. Utume."

Kuutuma ni gharama ambayo watu hawaihesabu. Upanga si barua. Unahitaji boksi gumu lisilopinda, bima, na karatasi za forodha zinazoeleza kwamba ni nakala, si kitu cha kale na si silaha ya magendo. Na huduma nyingine za usafirishaji hazipokei kitu kinachoitwa upanga hata ukiwaapia. Nilitumia alasiri nzima kwenye fomu. Ukijumlisha kwenda na kurudi, ile asilimia 60 ilisogea hadi karibu robo tatu ya bei ya upanga. Na nyumba inakuwa haina upanga kwa miezi, jambo ambalo lilinisumbua kuliko nilivyotarajia.

Wakati nasubiri nilimuuliza swali lililokuwa limenikaa kooni tangu mwanzo. "Fundi, kwani vipimo havitoshi? Nilikupa urefu, upana, unene."

"Ulinipa unene wa wapi?"

Nilikuwa nimepima karibu na kikingio tu. Akapima yeye kwa kalipa, chombo cha kupimia unene, kila baada ya sentimita tano, akanitumia orodha. Juu ubapa ulikuwa na unene wa milimita tano na kidogo, ukashuka polepole, na karibu na ncha ulikuwa umebaki milimita mbili. Tena haukushuka sawasawa. Kuna sehemu umekonda, halafu unakaa hapo hapo kwa kiganja kizima, halafu unakonda tena. Makali ya upande mmoja yalikuwa yamejipinda kidogo sana, pengine nusu milimita, jambo ambalo jicho langu halikuwahi kuliona. Upanga uliomalizwa kwa mkono kwenye mashine ya kusagia haufanani na ndugu yake aliyetoka kiwanda kile kile wiki ile ile. Ala ya kila mmoja ni yake.

Alinitumia pia picha za kazi, na moja nimeihifadhi. Ubapa umepakwa masizi ya mshumaa, umelazwa kwenye kibao kilichochimbwa, na kibao kina vijidoa vyeusi vitano au sita. Kila kidoa ni pahali mbao inapogusa chuma kwa nguvu. Anakikwangua kwa ukingo wa chuma, anafuta, anapaka masizi upya, anarudia. Alisema siku ile alirudia mara zaidi ya thelathini. Kinachotafutwa si kubana kotekote. Mdomoni panabana kidogo, mahali pengine pote panaugusa ubapa bila kuukaba, na nchani panaachwa nafasi ndogo. Ndani akabandika kitambaa chembamba cha sufu, vinyweleo vikielekea chini, ili upanga ukiwa umekaa ujizuie wenyewe.

Nilipomwomba anichambulie bei alifanya hivyo bila kinyongo. Mbao, ngozi, uzi, gundi na nta, vyote pamoja, havikufika sehemu moja ya tano. Kilichobaki ni saa zake: thelathini na nne kwa hesabu yake, na zaidi ya nusu ya hizo zilikwenda kwenye mbao ambayo hakuna atakayeiona tena. Nilipoigawanya bei kwa saa hizo nilinyamaza. Nilikuwa nimewahi kumlipa fundi bomba zaidi ya hapo, na yeye alikuja na kuondoka mchana huo huo.

Dharau yangu haikuwa na mashiko hata kihistoria. Katika London ya Zama za Kati mfua ubapa alikuwa na kazi yake, mtengeneza mipini yake, na mtengeneza ala yake. Aliyeviunganisha na kuviuza alikuwa mtu mwingine tena, na chama cha hao waunganishaji na wauzaji kilipewa hati ya kifalme mwaka 1416. Yaani ala ilikuwa ufundi unaojitegemea, wenye watu wake walioulea. Na huko Vienna upo upanga wa kifalme wa Dola Takatifu ya Roma ambao ala yake ina kibao cha mzeituni kilichovishwa mabamba ya dhahabu yenye sanamu za watawala 14, kuanzia Charlemagne hadi Heinrich III. Ala hiyo ni ya karne ya 11. Upanga uliomo ulitengenezwa kwa ajili ya Otto IV, aliyetawazwa kuwa mfalme mwaka 1198. Ala ni mkubwa kwa upanga kwa zaidi ya miaka mia. Mimi niliyeiita ala mfuko nilipolisoma hilo nilifunga ukurasa nikaenda kunywa maji.

Kuhusu mkanda tulibishana kidogo. Mimi nilitaka pete za chuma, kwa sababu ndizo nilizozoea kuziona. Fundi akakataa kwa upole: kwa upanga wa katikati ya karne ya 13, mkanda unasukwa juu ya ala yenyewe. Ncha za mkanda zinachanwa kuwa vipande vyembamba, vinapitishwa kwenye mipasuo ya ngozi na kuzungushwa kwenye ala, mmoja juu, mwingine chini kidogo, hivyo upanga unaning'inia kimshazari na haukugongi magoti. Kiunoni hakuna bizimu, kile kifungo cha chuma cha mkanda. Mkia mmoja wa mkanda umepasuliwa mara mbili, unapita kwenye mipasuo miwili ya mkia wa pili, unafungwa fundo. Sanamu za wafadhili katika kanisa kuu la Naumburg, Ujerumani, zinauonyesha mtindo huo, na upanga wa Fernando de la Cerda, mwana wa mfalme wa Castilla aliyefariki mwaka 1275, uko Burgos, Hispania, pamoja na ala na mkanda wake. Nikakubali. Ni vizuri nilikubali, kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote sasa, na haikuongeza bei hata kidogo.

Mahali nilipobana pesa ni kwenye kofia ya ncha, kile kipande cha shaba kinachovishwa mwishoni mwa ala. Kukimimina kimoja tu, kwa kipimo cha ala moja, kungepandisha bei kwa karibu robo. Nikasema hapana, ngozi inatosha. Fundi akaandika, "Sawa, ila usiisimamishe sakafuni." Nikaahidi.

Ala ilirudi mwezi wa nane. Nyekundu iliyokolea, karibu na rangi ya damu ya mzee, na chini ya ngozi kuna mistari mitano iliyoinuka, nyuzi zilizozungushwa juu ya mbao kabla ya kuvisha. Mgongoni mshono unakwenda moja kwa moja, na ukipitisha kidole unausikia kuliko unavyouona. Nzima, na mkanda, ina uzito wa gramu 430.

Niliufuta upanga mafuta nikauingiza. Sentimita kumi za mwisho ziliingia polepole, hewa ikitoka mdomoni kwa pumzi ndogo, halafu kikingio kikakaa. Nikaishika ala nikaipindua, mpini chini, juu ya kitanda kwa tahadhari. Haukuanguka. Nikautikisa. Kimya. Nikauchomoa kwa vidole viwili na kidole gumba. Ukaachia mdomoni, kisha ukateleza wote. Ile sauti ya filamu, ya chuma kukwangua chuma, haipo kabisa. Kinachosikika ni kama mtu anayevuta shuka.

Ahadi ya sakafu niliivunja ndani ya mwaka. Niliuegemeza kwenye kona kila jioni baada ya mazoezi, ngozi ya nchani ikalainika, ikachanika, mbao ikaanza kuonekana. Nikarudi kwa fundi kuomba kofia ya shaba. Ikabidi nitume tena ala na upanga, forodha tena, bima tena, na kofia iliyokuwa robo ya bei ikaja kugharimu karibu mara mbili yake. Hakusema neno. Kwenye risiti aliandika tu: "Kofia, moja. Sakafu."

Wageni hushangaa wakikuta upanga umelala peke yake juu ya vigingi viwili ukutani, umepakwa mafuta, na ala yake imetundikwa kando, tupu. Wanauliza kwa nini nilipe pesa zote zile kisha nisiuweke ndani. Hata mbao nzuri na sufu nzuri hushika unyevu, nawaambia. Alani unakaa siku ya kuvaliwa. Wengine wanaelewa. Mmoja aliniambia nimenunua kiatu cha kuning'iniza.

Sasa natengeneza ya pili mwenyewe, kwa ajili ya kisu kirefu cha kiunoni, maana nimejifunza kuanza na kidogo. Mpopla, kuta milimita mbili na nusu, ngozi ya milimita moja. Wakati wa kuvisha niliingiza kibao cha umbo la ubapa kilichofungwa nailoni, si kisu chenyewe. Fundi aliniambia nisubiri wiki mbili kabla ya chuma kuingia, hata ngozi ikionekana imekauka, kwa sababu maji ya gundi hukaa ndani ya mbao muda mrefu kuliko mkono unavyoweza kuhisi. Leo ni siku ya tisa. Kisu kiko mezani, ala iko pembeni yake, na nimeikalia mikono yangu.